Kadi ya mdoli inajikunja na ganda linabanduka: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo kaka. Niko Igoma, Mwanza. Nachonga na kupaka rangi midoli ya wavuvi wa dagaa, kimo sentimita 9.5, kila mmoja na kasia, ndoo na karabai yake. Nataka kuiuza ikiwa kwenye kadi yenye ganda la plastiki mbele, kama midoli ya zamani ya Marekani. Nilichapisha kadi steshenari kwenye karatasi ngumu ya gramu 300, nikapiga leminesheni upande wa picha, nikabandika maganda ya miswaki kwa supaglu. Baada ya wiki chache dukani kadi zimejikunja, maganda mengine yamebanduka, na yaliyobaki yameingia ukungu mweupe kwa ndani. Halafu bluu ya ziwa imetoka zambarau. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Anzia mgongoni. Nguvu zako zote umezimalizia kwenye uso wa kadi, upande wa pili ukauacha ujitegemee, na kujikunja na kubanduka kwa sehemu kubwa kunatokea hapo. Ukungu na bluu vina sababu zake, nitavifikia.

Karatasi ni nyuzi za mti zilizolala pamoja. Nyuzi hizo huvuta unyevu wa hewani, na zikivuta hunenepa kuliko zinavyorefuka. Huku kwetu upepo wa ziwani unaleta unyevu, jua la mchana linaukausha, kesho yake inakuwa hivyo hivyo. Ulipopiga leminesheni mbele peke yake uliziba uso mmoja. Mgongo ukaendelea kunywa na kutanuka, uso ukashindwa kuufuata, kadi ikajikunja kuelekea kwenye picha. Zikipita mvua za masika na kiangazi kikaingia, kadi hiyo hiyo inaweza kugeukia upande wa pili. Kuongeza unene hakutakusaidia. Karatasi ya gramu 400 hujikunja taratibu zaidi, basi, na ikishajikunja kuinyoosha ni kazi.

Kwa hiyo kanuni ni hii: chochote unachoufanyia uso, ufanyie na mgongo. Utando mbele, utando nyuma, tena wa aina moja. Na kabla hujachapisha, jua nyuzi zimelala wapi. Kata vipande viwili kutoka karatasi moja, kila kimoja urefu wa sentimita 15 na upana wa sentimita 2, kimoja ukikate kwa urefu wa karatasi na kingine kwa upana. Vishike pamoja kwenye ncha moja, vining'inie nje ya ukingo wa meza. Kinacholegea zaidi kimekatwa kukingama nyuzi. Kinachosimama kimefuata nyuzi. Kadi ya kutundikwa nyuzi zake zitoke juu kwenda chini, ili isimame wima bila kupinda kiunoni.

Sasa ganda. Umeambatisha plastiki juu ya utando wa leminesheni, na utando umeshikilia wino, na wino umeshikilia karatasi. Gundi yako inaweza kuwa imara kabisa na ganda likaanguka bado, kwa kuwa kilichoachia ni tabaka la chini. Likague lile lililobanduka: ukikuta rangi ya picha imebaki kwenye gundi, ujue wino ndio ulioachia. Ukikuta plastiki tupu, basi gundi yenyewe ndiyo haikushika. Viwandani hawapambani na jambo hili kwa gundi ya chupa. Kadi hupakwa dawa maalumu juu ya wino, kisha ganda hukandamizwa kwa chuma cha moto, dawa ikayeyuka na kuviunganisha. Ndiyo maana ukimbandua mdoli wa zamani ganda huondoka na ngozi ya kadi, na ndiyo maana wakusanyaji hulipa pesa nyingi kwa mdoli ambao hajawahi kutolewa kwenye kadi yake.

Nyumbani mashine hiyo huna, na huihitaji. Tengeneza kadi mbili badala ya moja. Ya mbele ikate dirisha lenye ukubwa wa ganda. Ganda liwe na pindo la milimita 8 kuzunguka mdomo wake. Lipitishe ganda kwa nyuma ya kadi ya mbele, litokeze dirishani, pindo libaki ndani, kisha funika kwa kadi ya nyuma. Pindo limebanwa katikati ya kadi mbili, na ganda haliwezi kutoka mpaka mtu achane kadi yenyewe. Utaona pia kwamba tatizo la kujikunja umelitatua kwa mkono huo huo: karatasi mbili za aina moja, nyuzi zimelala upande mmoja, utando umetazama nje kote kuwili.

Vipimo. Kadi za Kenner, kampuni ya Cincinnati, Marekani, iliyoanza kuuza midoli ya filamu ya Star Wars ya kimo hicho chako mwaka 1978, zilikuwa karibu inchi 6 kwa 9, yaani sentimita 15.2 kwa 22.9. Kwa mashine za kuchapisha za hapa mjini kipimo hicho kinakula karatasi vibaya. Karatasi kubwa ya mashine za kidijitali ni sentimita 32 kwa 45, na humo, zikisimama zote upande mmoja, zinaingia kadi mbili tu. Punguza iwe 14.5 kwa 20.5. Ukiongeza milimita 3 za kukatia kila upande inakuwa 15.1 kwa 21.1, na zinaingia nne, zote zimesimama upande mmoja. Nne ni nyuso mbili na migongo miwili, kwa hiyo karatasi moja inakupa midoli miwili. Mwenye duka anatoza kwa karatasi, wewe piga hesabu.

Dirisha liweke katikati kwa upana, sentimita 2 kutoka chini. Najua kadi nyingi za zamani zilisogeza ganda pembeni ili picha ipate nafasi, lakini mdoli wako ni mzito kuliko wa kiwandani, na ganda likikaa pembeni kadi itaning'inia imeinama.

Maganda ya miswaki achana nayo. Pindo lake umeshalichana ulipofungua, na umbo lake lilikatwa kwa ajili ya mswaki. Nenda steshenari ukanunue makava ya plastiki angavu, yale ya kubaindia ripoti. Kwa mdoli wako tengeneza ganda la urefu wa sentimita 10.5, upana 5.5 na kina 3. Chora kama kiboksi kilichofunguliwa: uso katikati, kuta nne za sentimita 3, na pindo la milimita 8 mwisho wa kila ukuta. Jumla ni sentimita 18.1 kwa 13.1, na kava moja la A4 linatoa mawili. Mikunjo ipige mstari kwa kalamu ya wino iliyokauka, ukisimamia rula ya chuma, kisha kunja. Kwenye kuta ndefu acha ulimi wa milimita 4 kila pembe uingie nyuma ya ukuta mfupi. Dirisha lenyewe litazishika kuta zisimame. Likate likizidi ganda kwa milimita 1 tu, sentimita 10.6 kwa 5.6, kwa wembe mpya, ukipitisha kidogo kidogo. Anayetaka kukata karatasi ya gramu 300 kwa pigo moja huishia na pembe zilizochanika.

Ganda la kukunja lina pembe kali, na wapo watakaopenda hivyo. Mimi kwa mvuvi wako ningependa la kuvimba, lenye mabega ya mviringo, na hilo nalo linafanyika uani. Mwombe seremala akuchongee kigogo cha vipimo vile vile, pembe zake uzilainishe kwa msasa, na kuta ziegemee ndani kidogo kuelekea juu ili kigogo kitoke bila kung'ang'ania. Kisha plaiwudi yenye tundu linalozidi kigogo kwa milimita 1 kila upande. Plastiki yake iwe nene kidogo, nusu milimita hivi. Ibane kwenye fremu ya mbao kwa stepla kubwa, uishike juu ya jiko la mkaa lililokolea, mbali kiasi cha kukunyima moshi na moto wa moja kwa moja.

Hapo usiondoe macho. Plastiki itaanza kwa kujikunyata, mawimbi yapite juu yake, na wengi huiharibu kwa kudhani imeiva. Ngoja. Mawimbi yatapotea, itajivuta na kukaza kama ngoma iliyotoka kuwambwa. Ngoja tena kidogo. Itaanza kulegea katikati, tumbo likishuka kwa uzito wake yenyewe. Sasa ndiyo. Ilaze juu ya plaiwudi, kigogo ukisukume kupitia tundu kwa mwendo mmoja, ushikilie mpaka ipoe. Ukisita katikati ya msukumo utaacha mstari ambao hautoki.

Lakini ujue ni plastiki gani unayoipasha. Vifuniko vya boksi za keki vyenye alama ya pembetatu na namba 1 ni PET, na hizo ni salama kwa kazi hii, ila zikikaa motoni mno hugeuka nyeupe kama maziwa. Namba 3 ni PVC, na PVC ikiungua hutoa mvuke wenye tindikali unaochoma mapafu. Isiyo na alama ipime: chukua waya wa shaba, ushike kwa koleo, uuchome mpaka uwe mwekundu, uugusishe kwenye plastiki, kisha urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, ina klorini. Hiyo usiipeleke jikoni, ikunje tu. Kipimo chenyewe kifanyie nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, na watoto wakae mbali.

Ukungu mweupe ni supaglu. Inapokauka hutoa mvuke, mvuke unashika unyevu na kuganda juu ya plastiki, na ndani ya ganda lililofungwa hauna pa kutokea. Wapelelezi wa polisi hutumia mvuke huo huo kuibua alama za vidole. Kwa hiyo supaglu isikaribie kitu angavu, hata kwa kumshikiza mdoli kwenye ndoo yake. Gundi nyeupe ya maji nayo hapana, inalowesha karatasi unayoipigania isilowe. Pindo lishike kwa tepu ya pande mbili, juu na chini. Kadi mbili ziunganishe kwa gundi ya mafundi viatu: paka nyembamba pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haikufuati kidoleni, kisha shusha kadi moja juu ya nyingine ukianzia ukingo mmoja. Ikishagusana haisogei, hivyo pembe zilinganishe kabla. Madirisha yawe wazi na jiko lizimwe, mvuke wake unashika moto. Laza chini ya ubao wenye uzito usiku kucha, ubao nao ukatwe nafasi ya ganda. Mwisho kabisa ndipo ukate kingo za nje, kadi zote mbili kwa mkupuo, zitakutana sawasawa.

Kuna kitu ambacho wengi hukigundua wakati kadi imeshafungwa. Kwa mtindo huu wa kadi mbili, anayemtazama mdoli anaona nyuma yake upande wa ndani wa kadi ya mgongo. Ukiuacha mweupe, mvuvi wako amesimama mbele ya ukuta wa hospitali. Chapisha hapo ziwa la usiku, giza, na taa za mitumbwi mingine kwa mbali. Karabai aliyoishika itapata sababu ya kuwepo. Picha iishie ndani ya dirisha, na eneo la pindo libaki jeupe bila wino, kwa sababu nilizokueleza.

Kuhusu bluu: simu na kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine hutengeneza kwa wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Bluu ya skrini ikitafsiriwa na mashine hupewa samawati nyingi na majenta nyingi karibu sawa, na mchanganyiko huo kwenye karatasi ni zambarau. Tengeneza kazi yako kwenye mfumo wa wino (CMYK) tangu mwanzo, na majenta iwe chini ya samawati kwa pointi 30 au zaidi. Samawati 100 kwa majenta 60 itakupa bluu ya ziwa iliyosimama. Usiku wa karabai usitumie nyeusi 100 peke yake, utatoka kijivujivu. Ongeza samawati 40, majenta 30 na njano 30 chini yake. Maandishi madogo yabaki nyeusi tupu, ukiyachanganyia rangi kingo zake zinatetereka. Programu ya Scribus ni ya bure na inatosha. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi, na kazi uipeleke ikiwa PDF, maandishi yamegeuzwa kuwa maumbo. Usiitume WhatsApp kama picha, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama dokumenti, au nenda na flashi. Kisha lipia karatasi moja, uitoe nje uiangalie juani, ndipo uagize zilizobaki.

Narudi mgongoni, kwa sababu kuna maandishi pia. Hukuniambia umeandika nini nyuma, na nahofia hujaandika kitu. Kadi za kwanza za Kenner zilionyesha nyuma midoli yote 12 ya mwanzo, na mtoto aliyenunua mmoja akajua amebakiza 11. Hasbro, kampuni nyingine ya Marekani, walipoirudisha midoli ya askari ya G.I. Joe mwaka 1982 kwa kimo kidogo, waliweka nyuma wasifu wa kukata kwa mkasi na kutunza: jina la kazi, alikozaliwa, ujuzi wake, tabia zake. Larry Hama aliandika wasifu hizo kwa uzito wa mtu anayewafahamu wale watu, na wapo watu wazima leo ambao midoli ilishapotea, vikadi bado wanavyo.

Wewe una mali kuliko hiyo. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi wakati watu wamelala. Anangoja mwezi ufe, kwa kuwa kwenye mbalamwezi dagaa hawaifuati taa. Anajua upepo upi ni wa kurudi nao nyumbani na upi ni wa kuupisha. Mpe jina, mpe kijiji, Igombe au Ukerewe huko, mpe aina ya mtumbwi, mpe mtu anayemsubiri mwaloni asubuhi. Sentensi sita zinatosha, ila ziandike kana kwamba unamfahamu. Kisha chini weka vivuli vya wenzake unaokusudia kuwachonga: mama mwanika dagaa, fundi mitumbwi, na kama unafuata ushauri wangu, wachezaji wa Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma ya Wasukuma. Mashindano yao ya ngoma yana pande mbili tangu asili, na mtoto aliyenunua wa upande mmoja atarudi kutafuta mpinzani wake.

Tundu la kutundikia tobolea kwa patasi ya ngozi, mafundi viatu wanazo, milimita 8. La mashine ya ofisini ni dogo, halipiti kwenye kichwa cha msumari wa duka. Liwe katikati kabisa, sentimita 1 kutoka juu. Na mwambie mwenye duka asitundike penye jua, majenta na njano hupauka kwanza na ziwa lako litabaki na ubluu wa baridi usioupenda.

Nembo za kampuni usiziweke kwenye kitu unachouza. Mtu akijitengenezea kadi ya shujaa wa filamu kwa ajili ya rafu ya chumbani kwake, huo ni upenzi wake, lakini ukiingia sokoni na jina la mwenye mali umegusa haki zake. Mchoro wako mwenyewe ni wako, na sheria ya hakimiliki ya 1999 inaulinda. COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ndio wanaosajili kazi za namna hiyo. Karabai na ndoo zinaingia mdomoni mwa mtoto mdogo, kwa hiyo andika mgongoni kwamba mdoli haumfai mtoto wa chini ya miaka 3, juu kidogo ya jina lako na namba ya simu, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani.